Mchakacho Niliosema Ni Wangu

Jumapili, 8 Septemba

Padri Tarcisio ameniletea Komunyo nyumbani, kwa kuwa ngazi za kanisa zimenishinda. Kabla ya kuondoka alisema, kwa upole wa mtu anayezungumzia hali ya hewa, kwamba ingefaa nijiandae kwa ungamo la maisha yote. Hakuna haraka, alisema, mradi iwe kabla ya Noeli. Mimi ni daktari. Najua mgonjwa huambiwa lini kwamba hakuna haraka.

Basi naandika, ili nikifika mbele yake nisibabaike. Naitwa Florence Aol, binti wa sajini wa polisi kutoka Kitgum. Nilikulia kambini, ambako Kiswahili kilikuwa lugha ya kuchezea na ya kukemewa. Nilisomea udaktari Dar es Salaam, nikarudi Kampala na Kiswahili kilichonyooka hata wenzangu wakanicheka, nikatibu watoto mpaka macho yalipokataa. Mume wangu amekwisha kufa, na watoto wangu pia. Nimebaki na mjukuu, Babra, ambaye ni nesi na anaishi nami hapa Kasubi.

Nimekaa alasiri nzima nikitafuta dhambi. Zote zimechakaa, kama nguo za mtu mwingine zilizosahauliwa kabatini. Nadhani nilizopangiwa kuzitenda nimekwisha kuzitenda.

Jumanne, 10 Septemba

Mvua za ddumbi, zile za mwisho wa mwaka, zimeanza. Kaloli, yule korongo mkubwa wa majalalani, amesimama juu ya paa la vyumba vya nyuma tangu asubuhi, shingo imezama mabegani, kama mwenye nyumba anayesubiri wapangaji wahame.

Alhamisi, 12 Septemba

Leo alasiri, mvua ilipokatika, nilisikia mtu akitembea chumbani mwangu. Si hatua hasa. Ni mchakacho, kama wa majani makavu ya mgomba yanayokanyagwa polepole na mtu asiyetaka kusikika. Nilitazama chini ya kitanda kwa msaada wa mkongojo. Hapakuwa na kitu. Nilipoketi tena kupumzika, ukaendelea.

Jumapili, 15 Septemba

Niandike kuhusu majirani, maana ndio wanaonizunguka siku hizi. Nyuma ya nyumba yangu kuna mizigo, kama inavyoitwa hapa, vyumba vya kupangisha vilivyo safu moja, mlango kwa mlango. Cha mwisho anakaa Rosebella Nelima, Mbukusu wa Bungoma, na mumewe Wamalwa, anayeleta vyombo vya plastiki kutoka Busia na ambaye huwa safarini zaidi kuliko nyumbani. Mtoto wao ni Cleopas, ambaye ndiyo kwanza amejua kutembea, na anatembea kama mlevi mwenye heshima zake. Rosebella huniita Kukhu, yaani bibi kwa lugha yao. Babra huniita Adaa, Kiacholi. Shakirah, Mganda wa chumba cha kwanza, anayekaanga chapati getini juu ya sigiri, huniita Jjajja. Nimekuwa bibi wa lugha tatu na sina hata mjukuu mmoja wa kunibishia ipasavyo, isipokuwa Babra.

Shakirah ana ulimi. Leo alimwambia Cleopas kwamba akiendelea kuanguka namna ile polisi watampima pombe.

Jumatano, 18 Septemba

Mchakacho tena, wakati wa chai. Babra alikuwa amekaa nami na hakusikia kitu.

Jumamosi, 21 Septemba

Nimemjua anayetembea chumbani.

Rosebella alikwenda kuanua nguo, akaniachia mtoto mapajani. Alikuwa akichezea vifungo vyangu. Ghafla akaacha. Akalaza sikio lake juu ya kifua changu, akatulia kabisa, macho wazi, kama mtu anayesikiliza maongezi ya chumba cha pili. Hakucheka wala hakulia. Mama yake alipomchukua alinyoosha kidole kuelekea kifua changu na kuendelea kukielekeza mpaka mlango ulipofungwa.

Nikatoa stetoskopu yangu ya zamani sandukuni, nikajisikiliza mwenyewe. Uko mle, pande zote mbili, chini ya mbavu. Moyo umechoka kusukuma, maji yanapanda mapafuni, na kila ninapovuta pumzi vifuko vya hewa vilivyolowa vinabanduka kimoja kimoja. Ndiyo majani makavu. Muda wote huo nilikuwa namtafuta chini ya kitanda.

Sikumwambia Babra.

Jumanne, 24 Septemba

Babra amenieleza kazi yake mpya. Yumo katika utafiti wa nimonia kwenye kliniki moja ya watoto mjini. Mtoto akija na kikohozi huchomwa kidole, na tone la damu huwekwa kwenye kipande kidogo cha karatasi. Chembe za ulinzi mwilini zikizidiwa hutema protini fulani katika damu, na karatasi huzikamata na kuchora mstari. Mstari ukififia, mtoto anapewa dawa na kurudi nyumbani. Mstari ukikolea, yuko hatarini kuzidiwa siku chache zijazo, hata kama leo anacheza. Nilimuuliza kama wana hakika. Alisema ndiyo maana wanaita utafiti.

Sisi tulihesabu pumzi. Tulitazama kama kifua kinabonyea mtoto anapovuta hewa, tukatega sikio. Ugonjwa ulitupita mara nyingi, tukaufukuza kwa nyuma. Sasa anasema damu hujua kabla ya kifua. Nilimwomba anieleze mstari unavyotokea. Alisema hautokei mara moja. Kwanza karatasi ni nyeupe, halafu kuna kivuli, halafu kama mtu anayesogea taratibu nyuma ya pazia.

Nimekuwa nikiwatazama watu tangu hapo. Shakirah anacheka getini, na chini ya ngozi yake kuna jambo ambalo damu yake inalijua na yeye halijui. Toka dirishani naona paa la makaburi ya makabaka, wafalme wa Buganda, juu ya kilima. Waganda husema kabaka hafi. Anapotea tu, nyuma ya pazia la magome ya mti wa mutuba, katika msitu usioonekana. Zamani niliiona kuwa adabu ya lugha. Siku hizi naiona kuwa maelezo ya kitabibu.

Jumatatu, 30 Septemba

Mvua. Uji. Miguu imevimba.

Alhamisi, 3 Oktoba

Cleopas ana kikohozi. Rosebella alimpeleka kwenye kliniki ya Babra. Joto kidogo, oksijeni nzuri, kifua hakibonyei. Mstari ulikolea.

Babra alitaka alazwe ili aangaliwe. Wodi ilikuwa imejaa, mtoto anakula ndizi, mama yuko peke yake, Wamalwa yuko Busia. Wakakubaliana: dawa ya kuyeyusha majini, na kila asubuhi bila kukosa arudishwe kutazamwa. Wamemfunga ukanda wa njano mkononi, ule wanaofungwa watoto ambao mstari wao umekolea, ili kliniki yoyote itakayouona imchukue bila foleni.

Ijumaa, 4 Oktoba

Kuna jambo limetokea uani na silipendi.

Ukanda umeonekana. Shakirah alimuuliza Rosebella ni wa nini, Rosebella akajibu kwa ukweli wake kwamba damu ya mtoto imepimwa ikaonyesha ataugua sana. Shakirah ana moyo mwema. Alikwenda ndani, akatoka na sukari kwenye kaveera, kifuko cha plastiki, na kipande cha sabuni, akaketi mlangoni pa Rosebella akamwambia: “Mama Cleopas, sisi iko na wewe. Damu imesema, lakini Mungu pia iko.”

Kufikia saa kumi walikuwapo wanawake wote wa uani. Wamekuja na sukari, majani ya chai, sabuni, kama watu wanavyokwenda kwenye nyumba iliyofiwa. Wamejifunga leso viunoni. Wanazungumza kwa sauti ya chini. Na mtoto mwenyewe anapita katikati yao, anayumba, anashika magoti ya huyu na yule, na kila anayeshikwa anamtazama kidogo halafu anatazama pembeni. Hakuna aliyemwita jina. Nilisimama dirishani nikangoja mmoja tu aseme Cleopas. Hakuna aliyesema.

Nilipokuwa mtoto kambini tulikatazwa kumtajia mtu ubaya ambao haujafika. Ilikuwa kumchuria. Nimepita vyuo, nikaona nimeshayavuka mambo hayo. Leo, dirishani, nilitamani kuwafukuza wote kwa mkongojo.

Jumamosi, 5 Oktoba

Naandika hii polepole. Lazima iwe sawa.

Kulikuwa na giza la mvua ingawa ilikuwa mchana. Rosebella aliingia bila kubisha, mtoto kiunoni. Asubuhi hakumpeleka kliniki. Alisema hakuweza kupita katikati ya wale wanawake waliokaa mlangoni pake tena, kwa sababu waliposimama kumpisha walisimama kama watu wanaopisha jeneza.

“Kukhu, wananikalia matanga na mtoto bado ako hai. Babra ni mtoto mdogo, hiyo karatasi hata haina macho. Wewe ndiye umesikiliza watoto maisha yako yote. Msikilize uniambie.”

Nikachukua stetoskopu. Mtoto alikaa vizuri, akanipa mgongo bila kushurutishwa. Kushoto, hewa safi. Kulia juu, safi. Kulia chini, chini ya bega, mwishoni mwa pumzi: mchakacho. Mwembamba, kama mtu mmoja anayekanyaga jani moja.

Nilipokuwa nafundisha wanafunzi jambo la kwanza nililowaambia lilikuwa: ukitilia shaka, zuia pumzi yako wewe, usikie ya mgonjwa. Mchakacho ukinyamaza, ni wako. Ukiendelea, ni wake. Haihitaji mashine. Hata mimi, nilivyo sasa, naweza kuzuia pumzi kwa muda wa kumsikiliza mtoto akivuta mara moja.

Sikuizuia.

Nilijiambia ni wangu. Niliuchukua kama mtu anavyochukua mzigo asioombwa kuubeba. Kwa nini? Nimekaa na swali hilo tangu jioni. Kama ungeendelea, ningelazimika kumwambia yule mama kwamba karatasi ilijua na kwamba wale wanawake hawakukosea mlango. Kama ungenyamaza, ningejua maji yangu yamepanda mpaka wapi. Na uso wa Rosebella ulikuwa karibu sana na wangu. Na kulikuwa na jambo dogo, baya, chini ya hayo yote: nilitaka sikio langu liishinde ile karatasi.

“Kifua chake ni safi,” nilisema. “Endelea na dawa. Hana haja ya wodi.”

Alilia, akacheka, akaomba nimtoe ule ukanda. Nilichukua mkasi wa kushonea nikaukata.

Kisha nikamsikia uani. Alikwenda mlango kwa mlango akirudisha sukari. Kwa Shakirah alisimama wote wasikie, akasema: “Chukua sukari yako. Mtoto wangu hajafa. Daktari mwenyewe amesema.” Shakirah aliichukua, akaingia ndani. 

Jumapili, 6 Oktoba

Jua kidogo. Wamemwita mtoto jina siku nzima. Babra yuko zamu.

Jumatatu, 7 Oktoba

Alfajiri nilisikia kitu kupitia ukuta wa nyuma, nikazuia pumzi yangu. Kiliendelea.

Nilimpigia Babra simu kabla sijamwita Rosebella, na hata hivyo Rosebella alikuwa tayari anapiga mlango. Pua za mtoto zilikuwa zinapanuka, mbavu zinabonyea, midomo ina rangi ya majivu. Mtoto alinitazama. Bodaboda akawachukua mvuani, mama, mtoto na mwavuli uliopinduka.

Jumatano, 9 Oktoba

Yuko kwenye oksijeni. Redio inapiga bendi za Sikukuu ya Uhuru. Babra amerudi kubadilisha nguo tu.

Aliniuliza ilikuwaje. Nilimwambia nilimsikiliza, kifua kilikuwa safi, nikakata ukanda. Nilidhani atanikaripia, na alinikaripia, kwa ule ukanda. Kisha akaketi, akanishika mkono, akasema: “Lakini Adaa, unaona? Ndiyo maana tunapima damu. Hata sikio lako halikupata kitu, na damu ilikuwa imeshajua.” Alisema amewaeleza wenzake. Wamefurahi kupata mfano kama huo: daktari mkongwe, kifua safi, mstari umekolea.

Kwa hiyo uongo wangu umeingia katika sayansi yao. Nilimtazama akinywa chai. Nikasema ndiyo, ni ajabu.

Jumamosi, 12 Oktoba

Bado hali yake si nzuri. Mchakacho haunitoki hata nikiwa nimelala ubavu.

Jumatatu, 14 Oktoba

Wamalwa amerudi. Nilimsikia uani akiuliza maswali, kwanza kwa sauti ya kawaida, halafu kwa ile sauti ya wanaume wanapokuwa wamepata jibu. Jibu ni hili: daktari alimsikiliza mtoto Jumamosi, hana kitu. Jumatatu yuko mahututi. Basi ugonjwa haukutoka kifuani mwake. Umetumwa. Na nani aliyeaibishwa Jumamosi hiyohiyo mbele ya watu kwa kurudishiwa sukari? Nani aliyekuwa wa kwanza kusema kwamba damu ya mtoto ina maneno?

Nimeketi hapa nikiufuata mnyororo huo pete kwa pete, nikitafuta palipo na kosa katika kufikiri kwao. Hakuna kosa. Wamefikiri sawasawa kabisa, kuanzia neno langu.

Alhamisi, 17 Oktoba

Hakuna aliyenunua chapati kwa Shakirah leo. Hata wanafunzi wanaopita asubuhi wameambiwa. Chakula cha mkono unaoshukiwa hakiliwi. Alikaanga, akapanga, akafunika, akaketi. Kaloli alishuka mpaka ukutani akawa anatazama sinia. Jioni alimrushia zote, moja baada ya nyingine.

Jumapili, 20 Oktoba

Asubuhi Shakirah amekuta sigiri yake imemwagiwa maji na makaa kutawanywa. Padri Tarcisio alikuja na Komunyo. Nilimwambia siwezi kupokea leo. Alikunja kitambaa chake taratibu sana.

Alhamisi, 24 Oktoba

Cleopas amerudi. Mwembamba, kichwa kikubwa, macho ya mzee. Ataishi, Babra anasema, ingawa kifua bado kina mabaki na kitachukua wiki kadhaa kusafika. Uani walipiga vigelegele. Wamalwa akasema kwa sauti, akielekea mlango wa kwanza, kwamba aliyeshindwa mara moja hujaribu tena, na kwamba mtu huyo angefanya vizuri kuhama kabla ya mwisho wa mwezi.

Rosebella aliniletea mtoto. Alitaka nimguse kichwa. Anasema kama si mimi kumtoa ule ukanda mbaya, labda angekufa. Nilimgusa kichwa. Mtoto akanyoosha kidole kuelekea kifua changu.

Jumapili, 27 Oktoba

Nimeungama. Si maisha yote. Ile Jumamosi tu. Padri alisikiliza mpaka mwisho, mvua ikipiga bati, kisha akasema kwamba Mungu amekwisha kusikia, lakini Mungu hakuwa ndiye aliyemwagiwa maji kwenye sigiri.

Jumanne, 29 Oktoba

Nilijaribu kutoka uani. Nilifika kizingitini.

Jumatano, 30 Oktoba

Shakirah amefunga vitu vyake. Ana dada anayeishi Kamwokya.

Jumamosi, 2 Novemba

Siku ya Marehemu wote. Niliomba Babra anitolee kiti barazani na awaite: Wamalwa, Rosebella na mtoto, Shakirah, na yeyote atakayetaka kusimama. Walisimama wengi. Shakirah alikaa mbali, juu ya furushi lake, amefunika kichwa.

Nilisema nilichoandika hapa. Kwamba siku ile nilisikia kitu kifuani mwa mtoto. Kwamba sikukisema. Kwamba ugonjwa ulikuwa tayari mle ndani, haukutumwa na mtu.

Walinisikiliza kwa heshima, na hawakuniamini hata mmoja. Niliona inavyotokea. Nyuso zao zililainika. Mwanamke mmoja alijifuta machozi. Wamalwa akachuchumaa mbele ya kiti changu, akanishika mikono yote miwili.

“Kukhu, sisi tunajua wewe ni mtu wa huruma. Unataka kumfunika huyu mama ndiyo asifukuzwe. Lakini usijipake matope kwa sababu yake. Wewe huwezi kukosea kitu kama hicho.”

Waliuamini uongo wangu bila kuuliza. Ukweli wangu wakauona kuwa sadaka ya bibi kizee. Babra peke yake alikuwa amegeuka kunitazama, na uso wake haukuwa umelainika.

Nilimwomba aniletee stetoskopu. Nikamwambia Wamalwa aivae. Alicheka kwa aibu, akaitia masikioni kinyume, nikamgeuzia. Nikafungua kifungo cha juu, nikaweka kile kidude kwenye ubavu wangu, nikavuta pumzi.

“Unasikia nini?”

Alikunja uso. “Kama… kama mtu anatembea kwenye majani.”

“Nyumba yangu hiyo. Sasa mtoto.”

Rosebella hakusogea. Babra alimchukua mtoto mikononi mwake, akainua fulana. Niliongoza mkono wa Wamalwa mpaka chini ya bega la kulia. “Sasa wewe zuia pumzi yako,” nilisema. “Zuia kabisa.” Akazuia. Mtoto akavuta hewa.

Sijawahi kumwona mtu akisikia namna ile. Macho yalimtoka taratibu. Alitazama mgongo wa mwanawe, kisha kifua changu, kisha mgongo wa mwanawe. Alirudisha kidude kwangu, akasikiliza, akarudisha kwa mtoto. Maji ya paa yalikuwa yakidondoka pipani.

“Ni sauti moja,” alisema.

“Siku ile pia ilikuwa moja. Nikasema ni yangu.”

Alivua stetoskopu akaiweka chini, mbali naye, kama mtu anayeweka nyoka. Rosebella ndiye aliyezungumza, na hakuniita Kukhu.

“Ulisikia?”

“Nilisikia.”

“Na mimi nikaenda kurudisha sukari.”

Alimchukua mtoto kutoka kwa Babra, akaingia ndani, akafunga mlango. Watu walitawanyika bila kuagana. Wamalwa alisimama mbele ya Shakirah, akasema kitu ambacho sikukisikia. Shakirah alikuwa anatazama ukuta.

Babra alinilaza. Nilipomuuliza kama atawaambia wenzake wafute ule mfano wao, alisema amekwisha kuwaandikia. Kisha akasema: “Huo mstari ulikuwa na haki yake hata bila uongo wako, Adaa.” Akazima taa, ingawa ilikuwa mchana.

Jumatatu, 4 Novemba

Hakuna aliyebisha hodi.

Jumanne, 5 Novemba

Shakirah alikuja dirishani, furushi kichwani. Nilidhani anakuja kuniaga au kunisamehe. Wanaokaribia kufa wana tamaa hiyo. Nilimwomba radhi.

“Jjajja,” alisema, “wewe unakufa, unaenda. Mimi nabaki na hiyo jina. Hapa wamesikia, sawa. Lakini wateja yangu wanatoka Namungoona, wanatoka Old Kampala, walisikia Shakirah ni mchawi. Hao nani atawaambia? Mimi? Mchawi anasema si mchawi?”

Nilimuuliza anataka nifanye nini.

“Kaa na mimi getini. Kila mtu akija, wewe useme. Si Kiswahili ya kanisa. Useme fupi.”

Babra alikataa. Alisema hewa ya mvua itanimaliza. Nilimwambia hilo nalo limekwisha kupimwa.

Ijumaa, 8 Novemba

Kiti changu kiko kando ya sigiri, chini ya mwavuli wake. Wanaume wawili wa bodaboda walisimama kwa mazoea, wakakumbuka, wakataka kuondoka. Nikasema: “Mtoto alikuwa mgonjwa tangu mwanzo. Nilimsikia nikanyamaza. Mama huyu hana kosa.” Mmoja alimuuliza Shakirah kama bibi ana akili timamu. Shakirah akajibu kwamba ana akili kuliko ya kumtosha, ndiyo shida yake. Walicheka. Hawakununua.

Jumatano, 13 Novemba

Nimesema mpaka sauti imekauka. Mwanamke wa Namungoona alisikiliza mpaka mwisho, akasema Mungu atanihukumu. Akaenda.

Jumatatu, 18 Novemba

Mvua kubwa. Getini hakuna mtu. Tulikaa tu. Shakirah alinifunika miguu kwa gunia na kuniambia kwamba napumua kama birika. Sasa mchakacho umepanda mpaka mabegani. Ninapouzuia kuna ukimya mfupi, na katika ukimya huo siku hizi nasikia vizuri sana: mafuta sufuriani, kucha za kaloli juu ya bati, mtoto akikohoa mlango wa mwisho, kikohozi kikavu cha anayepona.

Alhamisi, 21 Novemba

Mmoja wa bodaboda amenunua. Alikula akiwa amegeuza uso.

Jumapili, 24 Novemba

Babra amenishikia daftari.

Padri amenipa Mafuta Matakatifu asubuhi. Nikaomba nipelekwe getini hata hivyo. Sikuweza kusema maneno yote. Nilisema “nilisikia”, pumzi ikaisha, na Shakirah akamalizia mengine kwa niaba yangu, kwa ukali zaidi kuliko ningeweza.

Kisha Rosebella alitoka. Ni mara ya kwanza tangu ile siku kupita karibu nami. Alikuwa amemshika Cleopas mkono, anatembea mwenyewe, anayumba. Alisimama mbele ya sinia. Watu wa kituo cha bodaboda waligeuka kutazama. Alichagua chapati moja, ya pembeni, akailipia. Akakata kipande, akakipuliza, akakipuliza tena, akachuchumaa, akamtia mwanawe mdomoni.

Alikitafuna. Akafungua mdomo kutaka kingine.

Rosebella hakunitazama.